Kuacha Kusubiri Si Kusimamisha Kazi

Wenzangu wa kazi, habari za asubuhi. Najua wengi mmekuja mkitarajia orodha ya mipangilio ya kunakili. Mipangilio ipo, nitafika huko. Lakini naomba tuanze na tarehe 20 Machi 2023.

Siku hiyo kampuni ya OpenAI ililazimika kuizima ChatGPT kwa saa kadhaa. Watumiaji fulani walifungua kurasa zao wakakuta, kwenye orodha ya pembeni, vichwa vya mazungumzo ya watu wasiowajua. Kampuni ilipochunguza zaidi ikatangaza kwamba, katika kipindi fulani cha saa tisa, asilimia 1.2 ya wateja wa kulipia waliokuwa wakiitumia huenda taarifa zao zilionekana na wengine: jina, barua pepe, anwani ya malipo, tarakimu nne za mwisho za kadi na tarehe ya kadi kuisha. Mdukuzi hakuwepo, wala nywila haikuvuja. Kilichotokea ni kwamba maombi yalighairiwa katikati ya kazi, na programu haikujua la kufanya na vitu vilivyobaki mkononi.

Seva zao za Python zilikuwa zikizungumza na Redis, hifadhi ya data ya haraka, kupitia maktaba ya redis-py, kwa upande wake wa asyncio, mfumo wa Python wa kuendesha kazi nyingi kwa kupokezana. Kama kawaida, kila seva ilikuwa na akiba ya miunganisho iliyokwisha kufunguliwa. Ombi likija linachukua muunganisho, linautumia, linaurudisha. Sasa, muunganisho wa Redis ni kama dirisha la karani asiyeuliza majina. Maswali yanaingia kwa mfuatano na majibu yanatoka kwa mfuatano uleule. Hakuna namba inayolifunga jibu na swali lake. Zamu ndiyo namba.

Ombi A linatuma swali. Kabla jibu halijasomwa, A anaghairiwa. Muunganisho unarudi kwenye akiba na jibu la A limo ndani, halijaguswa. Ombi B linakuja, linapewa muunganisho huohuo, linatuma swali lake, linasoma. Linachosoma ni jibu la A. Jibu la B linabaki likimngojea C. Kuanzia hapo kila anayesimama dirishani anapewa mzigo wa aliyemtangulia. Mara nyingi data iliyopatikana haikufanana na iliyotarajiwa, programu ikatoa kosa na mambo yakaishia hapo, na kwa kweli hiyo ndiyo ilikuwa bahati. Tatizo lilikuwa pale aina ya data ilipolingana. B alipewa kitu halali, kimekaa vizuri, ila si chake. Na siku hiyo badiliko moja kwenye seva lilikuwa limeongeza ghafla idadi ya maombi ya Redis yanayoghairiwa, kwa hiyo kasoro iliyokuwa nadra ikapata uwanja wa kutembea.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kina somo zima ndani yake. Tunapoweka taimauti, yaani kikomo cha muda wa kusubiri, tunadhani tumesimamisha kazi. Hatujasimamisha chochote. Tumeamua sisi kuacha kusubiri, basi. Swali lilishatumwa, upande wa pili unaendelea kulifanyia kazi, jibu linakuja, na mtu fulani atalipokea. Swali la mwandishi wa programu ni: nani huyo, na atakuwa katika hali gani?

Tiba ya kisa cha Redis, ukiiangalia kwa karibu, ni fupi:

```python
async def uliza(akiba, amri):
    muunganisho = await akiba.chukua()
    salama = False
    try:
        await muunganisho.tuma(amri)
        jibu = await muunganisho.soma()
        salama = True
        return jibu
    finally:
        if salama:
            akiba.rudisha(muunganisho)
        else:
            muunganisho.vunja()
```

Tazameni `salama` inaanza ikiwa `False`. Hatujaribu kuorodhesha makosa yanayoharibu muunganisho, kwa sababu orodha hiyo haitakamilika kamwe. Tunafanya kinyume: muunganisho unahesabiwa umeharibika mpaka uthibitike mzima, na uthibitisho ni mmoja tu, jibu limesomwa lote. Jambo la pili halionekani kirahisi: ndani ya `finally` hakuna `await`, yaani mahali kazi inaposimama kusubiri, hata moja. Kurudisha na kuvunja ni vitendo vya papo hapo. Mngeweka `await` pale, kazi ikighairiwa mara ya pili, usafi wenyewe ungekatwa katikati.

Sasa tujiulize kwa nini tunahitaji taimauti, ikiwa zina hatari hivi. Jibu ni hesabu ya darasa la nne. Idadi ya maombi yaliyo ndani ya seva kwa wakati mmoja ni sawa na idadi yanayoingia kwa sekunde mara muda ambao kila moja linakaa. Wataalamu huiita kanuni ya Little. Seva inapokea maombi 40 kwa sekunde, kila moja linachukua sekunde 0.2: ndani kuna maombi 8. Huduma moja ya nje, tuseme ya kutuma SMS, ikianza kuchukua sekunde 30 kujibu, 40 mara 30 ni 1,200. Wageni hawajaongezeka hata mmoja, ila nyumba imejaa. Ukitumia SQLAlchemy, maktaba ya Python ya kuzungumza na hifadhidata, bila kugusa mipangilio, akiba yake ni miunganisho 5 ya kudumu na 10 ya ziada, jumla 15. Ombi la 16 linasubiri sekunde 30 kisha linapata kosa. Kama kila ombi lilishika muunganisho wa hifadhidata huku likingojea SMS, basi hata ukurasa wa kuingia, ambao hauhusiani na SMS kabisa, umelala.

Hapo kuna sheria moja ambayo ningependa muichukue hata kama mtasahau mengine yote: usiite mtandao wa nje ukiwa umefungua muamala (transaction) wa hifadhidata. Soma unachohitaji, funga muamala, ita huduma ya nje, kisha fungua muamala mwingine uandike matokeo.

Turudi kwenye mipangilio, na hapa ndipo watu wengi huumia, kwa kuwa kila maktaba imechagua namba yake. Maktaba ya requests ya Python haina taimauti yoyote usipoiweka. Itasubiri mpaka kiama. httpx huweka sekunde 5. aiohttp huweka dakika 5 kwa ombi zima. `http.Client` ya Go, ukiichukua ilivyo, haina. PostgreSQL ina `statement_timeout`, na thamani yake ya kuanzia ni 0, maana yake imezimwa. nginx, seva ya lango inayopokea maombi kwanza, husubiri sekunde 60 kwa seva iliyo nyuma yake.

Usipoweka wewe, wa mwisho kuamua ni kernel, kiini cha mfumo wa Linux, na kernel ina subira ya ajabu. Ukijaribu kufungua muunganisho na upande wa pili haujibu kitu, Linux ya kabla ya toleo la 6.5 (2023) hutuma pakiti ya kwanza na kuirudia mara 6, ikiongeza muda maradufu kila mara: sekunde 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64. Jumla 127. Na kama muunganisho ulishafunguka, ukatuma data, halafu njia ikapotea, Linux itaendelea kurudia kwa takriban dakika 15 kabla haijakata tamaa. Hili si la vitabuni tu. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, mawasiliano ya Tanzania na majirani zake kadhaa yalizorota vibaya. Njia ikipotea namna hiyo, muunganisho wa kwenda seva ya Ulaya haufungwi na mtu. Hakuna anayekuambia kwaheri. Unabaki umefunguliwa upande wako, kimya, na programu isiyo na taimauti inausubiri kwa adabu.

Kuhusu muda wa kufungua muunganisho, watu hupenda kuweka sekunde 1. Mimi nawashauri msiweke hiyo. Pakiti ya kwanza ikipotea, Linux huirudia baada ya sekunde 1 kamili, yaani wewe unakata tamaa palepale nafasi ya pili inapoanza. Weka sekunde 1.5 au 2 upate nafasi mbili. Weka zaidi kidogo ya 3 upate angalau tatu. Ndani ya kituo kimoja cha data unaweza kushuka chini zaidi, lakini kutoka Dar es Salaam au Nairobi hadi seva ya Ulaya, kwenda na kurudi tu ni zaidi ya milisekunde 100, na mazungumzo ya TLS, ya kusimba mawasiliano, yanaongeza kwenda na kurudi mara moja kwa TLS 1.3, au mara mbili kwa TLS 1.2.

Tena, namba hizi hazimaanishi mnachodhani. Taimauti ya kusoma ya requests, ya httpx, na `proxy_read_timeout` ya nginx zote hupima ukimya kati ya usomaji mmoja na unaofuata. Hazipimi ombi zima. Seva inayokudondoshea baiti moja kila sekunde 4 haitaigusa kamwe taimauti ya sekunde 5, na jibu la kilobaiti 10 litakuchukua zaidi ya saa 11. Kwa hiyo juu ya taimauti za soketi lazima pawe na ukomo wa kazi nzima.

Hapa nitofautishe maneno. Taimauti ni urefu: "subiri sekunde 3." Ukomo ni saa: "kazi hii iwe imekwisha saa 4 na dakika 10 na sekunde 8." Ombi moja likipitia hatua nne, na kila hatua ina taimauti ya sekunde 5, umeahidi sekunde 20 bila kukusudia. Ukomo hauna tabia hiyo. Unawekwa mara moja ombi linapoingia, unasafiri nalo, na kila hatua inajiuliza imebaki muda gani. gRPC, mfumo wa huduma kuitana, hufanya hivyo kiasili: muda uliobaki husafirishwa kwenye kichwa cha ombi kiitwacho `grpc-timeout`. Go ina `context`, iliyoingia kwenye maktaba yake ya msingi mwaka 2016. Kwenye HTTP ya kawaida itabidi mkubaliane wenyewe kwa wenyewe kuhusu kichwa cha kupitisha milisekunde zilizobaki. Pitisheni zilizobaki, msipitishe saa ya ukutani, maana saa za mashine mbili hazilingani. Na ndani ya mashine moja pimeni kwa saa isiyorudi nyuma, `time.monotonic()`, kwani `time.time()` inaweza kurekebishwa wakati wowote na NTP, inayosawazisha saa za mashine.

Mpangilio wa ngazi nao una utaratibu: wa ndani akate kabla ya wa nje. Simu ya mteja ikiwa na subira ya sekunde 12, nginx iwe 10, programu 8, swali la hifadhidata 2. Ukigeuza, nginx atamrudishia mteja kosa la 504 (muda umeisha) huku programu yako ikiendelea kupika chakula ambacho mgeni wake ameshaondoka. Na hutaona kosa lolote kwenye logi za programu, kwa sababu kwa upande wake mambo yalikwenda vizuri.

Sasa tuingie jikoni, asyncio inaghairi vipi. Ukiita `task.cancel()`, hakuna kinachokatwa palepale. Unaacha ujumbe tu. Kazi itakapofika kwenye `await` inayosubiri kweli, au kama imelala hapo tayari, kitanzi cha matukio, kinachogawa zamu kwa kazi zote, kitairushia kosa la `CancelledError` mahali hapo. Kama kazi inakokotoa hesabu nzito bila `await`, au mtu ameandika `time.sleep(10)` badala ya `await asyncio.sleep(10)`, ujumbe hausomwi na taimauti yako haifiki. Mbaya zaidi, kitanzi kizima kimesimama, hivyo taimauti za maombi mengine yote nazo hazifiki. Ukiwasha hali ya utatuzi ya asyncio, itakuandikia kila hatua inayozidi milisekunde 100. Iwasheni kwenye mazingira ya majaribio, mtashangaa.

Tangu Python 3.11 tuna `asyncio.timeout`, nayo hufanya kazi kwa ujanja mmoja:

```python
try:
    async with asyncio.timeout(2):
        bei = await pata_bei(njia)
except TimeoutError:
    bei = None
```

Sekunde 2 zikiisha, chombo hiki kinaighairi kazi yako mwenyewe. Ndani ya `async with` kinachoonekana ni `CancelledError`. Inapofika mlangoni kutoka nje ndipo inabadilishwa kuwa `TimeoutError`. Ndiyo maana `except TimeoutError` lazima ikae nje ya `async with`. Ukiiweka ndani haitashika kitu. Na ndiyo maana mtu aliyeandika `except:` tupu ndani ya `pata_bei` amekuibia taimauti: amemeza ujumbe wa kughairiwa, kazi inaendelea kana kwamba hukusema neno.

Kumeza huku kuna historia. Hadi Python 3.7, `CancelledError` ilikuwa mtoto wa `Exception`, na kila `except Exception` iliyoandikwa kwa nia njema ya kuandika logi ilikuwa ikimeza kughairiwa. Mwaka 2019, toleo la 3.8, ilihamishwa ikawa chini ya `BaseException`. Kwa hiyo `except Exception` sasa ni salama, lakini `except:` tupu na `except BaseException` bado zinameza. Kitanzi cha `while True` chenye `try` na `except:` tupu ndani yake ni kazi isiyokufa. Ukitaka kuikuta, zima seva yako uone ni nani anayegoma kutoka. Ukilazimika kuishika `CancelledError` ili ufanye usafi, maliza usafi kisha andika `raise`. Bila `raise` umemdanganya aliyekughairi.

Wapo wasiosikia hata ukifanya yote vizuri.

Wa kwanza ni nyuzi (threads). `asyncio.to_thread` ikighairiwa, wewe unaacha kusubiri lakini uzi unaendelea. Python haina njia ya kuua uzi. Idadi ya nyuzi hizo kwa kawaida ni idadi ya viini vya prosesa ongeza 4, isizidi 32. Mashine ya viini 4 ina nyuzi 8. Sasa unganisheni: mtu ameita requests bila taimauti ndani ya `to_thread`, akaifunika kwa `asyncio.timeout(3)`, akaridhika. Huduma ya nje ikinyamaza, ombi la kwanza linarudi na `TimeoutError` nadhifu baada ya sekunde 3, na uzi mmoja umekwama. Baada ya maombi nane nyuzi zote zimekwama. Ombi la tisa linapata taimauti hata kama huduma ya nje imeshapona, kwa kuwa halijapata uzi wa kulianza. Kwenye grafu utaona taimauti tupu na utamlaumu jirani. Kosa ni lako. Taimauti iwekwe ndani ya requests yenyewe, iwe fupi kuliko ile ya nje.

Wa pili ni hifadhidata. Kuacha kusubiri jibu la PostgreSQL hakuisimamishi PostgreSQL. Utaratibu wake wa kughairi ni wa kipekee kidogo: mteja hufungua muunganisho mwingine kabisa, hutuma namba ya mchakato na ufunguo wa siri aliopewa mwanzoni, ndipo swali la kule linakatwa na kurudisha kosa namba 57014. Maktaba ya asyncpg hufanya hivyo kwa niaba yako, lakini si maktaba zote. Na ukifunga soketi tu bila kuaga, PostgreSQL inayokokotoa swali zito haitajua kwamba umeondoka mpaka itakapojaribu kukutumia kitu. Toleo la 14 lilileta `client_connection_check_interval` ya kuchungulia kama mteja bado yupo, ila imezimwa usipoiwasha. Kwa hiyo wekeni `statement_timeout` upande wa hifadhidata, kwenye jina la mtumiaji wa programu:

```sql
ALTER ROLE programu SET statement_timeout = '2s';
ALTER ROLE programu SET lock_timeout = '500ms';
ALTER ROLE programu SET idle_in_transaction_session_timeout = '10s';
```

Ya tatu ndiyo inayosahaulika, nayo hukamata muamala uliofunguliwa na ombi lililoachwa njiani, ambao umeshika kufuli na hausemi kitu. Mtumiaji wa kubadilisha muundo wa majedwali apewe jina lake tofauti, asije akakatwa kwenye sekunde ya 2 ya kazi ya dakika 20.

Wa tatu ni pesa. Mteja amebonyeza "lipa", seva imetuma ombi kwa mtoa huduma wa pesa za simu, sekunde 10 zimepita, kimya. Kinachoandikwa kwenye programu nyingi ni `IMESHINDWA`. Huo ni uongo. Inawezekana ombi halikufika. Inawezekana lilifika likakataliwa. Inawezekana pesa imekatwa na jibu ndilo lililopotea. Hali sahihi ni `HAIJULIKANI`, na jedwali lako la malipo lisilo na hali hiyo lina kasoro ya muundo. Utaratibu ninaousisitiza ni huu. Kabla ya kutuma chochote, andika mstari wenye rejea ya kipekee uliyoitengeneza wewe, na funga muamala. Ndipo utume. Taimauti ikitokea, uache mstari ukiwa haujulikani, umwambie mteja "malipo yako yanashughulikiwa". Mfanyakazi wa pembeni, yaani programu nyingine inayokimbia nyuma, si lile ombi la mteja, ndiye atakayeuliza hali ya rejea hiyo kila baada ya muda. Ukirudia kutuma, rudia kwa rejea ileile. Ukitengeneza rejea mpya kwa kila jaribio, umemkata mteja mara mbili, na maelezo yako kwa mama aliyekatwa nauli ya basi mara mbili hayatahusu mitandao. Jibu la kurudi nalo huweza kuja mara mbili, au kuja kabla hata hujamaliza kuandika kwamba ulipata taimauti. Sharti la `UNIQUE` (thamani isijirudie) kwenye safu ya rejea hutatua zaidi ya msimbo wowote wa kijanja.

Kuhusu kurudia, neno moja. Kama simu ya mteja hujaribu mara 3, lango hujaribu mara 3, na programu hujaribu mara 3, hifadhidata inayopumua kwa shida inapigwa mara 27 kwa kila mbofyo. Chagueni ngazi moja ya kurudia. Wengine wote wakubali kushindwa. Na nafasi kati ya majaribio iongezeke, nusu sekunde, moja, mbili, pamoja na bahati nasibu ndani yake ili wateja wote wasirudi kwa pamoja kama wanafunzi kengele ikilia.

Wapo watakaoniambia: tumia `asyncio.shield` kulinda malipo yasighairiwe. Shield ina matumizi, lakini haifanyi mnachodhani. Wewe uliyekuwa unasubiri bado unaghairiwa. Kazi ya ndani tu ndiyo inaendelea. Na asyncio huishika kazi kwa kamba dhaifu. Kama hakuna kitu kingine kinachoikumbuka, mkusanya taka anaweza kuifagia katikati ya kazi. Iwekeni kwenye seti, muiondoe ikimaliza. Hata hivyo shield haikulindi umeme ukikatika wala seva ikizimwa. Kinacholinda malipo ni ule mstari ulioandikwa kwanza.

Mtumiaji aliyefunga kivinjari ni kisa kingine. nginx huandika 499 (mteja ameondoka), na wengi wanadhani kazi imekufa naye. Uvicorn, seva inayoendesha programu za wavuti za Python, haimghairi mshughulikiaji wako; hutuma ujumbe wa `http.disconnect`, na asiyeusoma anaendelea mpaka mwisho. Kwa ripoti nzito inafaa kuchungulia `request.is_disconnected()` kati ya hatua na hatua, na kuacha. Kwa kitendo kinachoandika, bora kiendelee. Msifanye uamuzi mmoja kwa njia zote.

Kwa kazi sambamba, tumieni `TaskGroup` ya 3.11 badala ya `gather`. `gather` ya kawaida, mmoja akianguka, hukurudishia kosa na kuwaacha wengine wakiendelea bila mwenyewe. `TaskGroup` huwaghairi waliobaki na kusubiri watoke kabla ya kukuruhusu kupita.

Kuzima seva nako ni kughairi, kwa jumla. Kubernetes, mfumo wa kusimamia programu kwenye seva nyingi, hutuma SIGTERM (ishara ya kuomba programu ifunge), husubiri sekunde 30, kisha huua. Gaweni sekunde hizo: acha kupokea maombi mapya mara moja, yape yaliyo ndani sekunde 20, ghairi yaliyobaki, yape sekunde 5 za usafi, na 5 ziwe za dharura. Kama ukomo wa ombi lako refu ni sekunde 60, hesabu hiyo haiwezi kukaa, na kila mkipandisha toleo jipya mnakata watu katikati. Ama mfupishe ombi, ama mrefushe `terminationGracePeriodSeconds`.

Nimalizie na upimaji, kwa sababu nimeona miradi yenye majaribio mazuri ambayo hayajawahi kupima ukimya hata mara moja. Anza na seva bubu: `nc -lk 9000` hupokea muunganisho na haisemi neno. Elekeza programu yako hapo upime inakata lini hasa. Kisha tumia iptables, ngome ya mtandao ya Linux, na `DROP`, inayotupa pakiti kimya, si `REJECT`. `REJECT` hurudisha jibu la haraka, na tatizo lenu si jibu la haraka.

Jaribio la mwisho ndilo lingeigundua kasoro ya Machi 2023. Andika funguo 1,000 kwenye Redis, kila thamani ikiwa na jina la ufunguo wake ndani: `habari:417` iwe na 417. Anzisha kazi 200 zinazosoma funguo kwa kubahatisha kupitia akiba ndogo ya miunganisho 5, na kila kazi uighairi baada ya muda wa kubahatisha kati ya milisekunde 0 na 20. Rudia mara 10,000. Kwa kila jibu lililofika, linganisha namba. Mwishoni hesabu miunganisho iliyo kwenye akiba: ikipungua, kuna njia inayovujisha. Na ikitokea hata mara moja aliyeuliza 417 akapewa 62, zima mashine, fungua `finally`, na usome upya ni nani aliyerudisha muunganisho ambao jibu lake halijasomwa.

Karibuni maswali.